Rangi Hii Nani Aliipaka?

Hotuba ya fundi mstaafu wa rangi za ndege mbele ya wanafunzi wa uhifadhi wa makumbusho, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, na wazee wenzangu wa karakana mliopanda daladala asubuhi hii kuja kunisikiliza: wakubwa zangu shikamooni, na ninyi vijana habari za tangu asubuhi.

Hiki nilichoshika ni kipande cha bati la aluminiamu, hakizidi kiganja changu. Kilikuwa kifuniko kidogo cha ukaguzi kwenye ndege ya zamani, na mwenzangu alikuwa anakitupa nikakiomba. Hapa pembeni nimekipiga msasa laini wa maji, polepole, kwa mshazari, mpaka rangi zikajitokeza moja baada ya nyingine kama maganda ya kitunguu. Juu kabisa kuna kijivu kinachong'aa. Chini yake kijani. Chini ya kijani kuna kijani kingine, kimechoka, kimeelekea kahawia. Kisha praima, yaani rangi ya kwanza inayoshika bati, ile ya zinki na kromati, manjano iliyochanganyika na kijani. Halafu bati lenyewe. Tabaka nne za rangi, na zote kwa pamoja ni nyembamba kuliko ukucha wangu.

Tabaka nne maana yake ni mara nne mtu alisimama mbele ya ndege ile akiwa ameshika brashi au bomba la kupulizia, akiwa ameamriwa na mtu, kwa sababu fulani. Nimefanya kazi hii miaka 31, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kuwaza juu ya hao watu. Mimi nilikuwa nawaondoa.

Niwaeleze jambo moja ambalo bado linanikaa moyoni. Miaka mingi iliyopita niliitwa kuipendezesha ndege moja ya kivita iliyostaafu, iliyosimamishwa langoni mwa mahali ambapo sitapataja. Sherehe ilikuwa Ijumaa, mimi nimeitwa Jumatatu. Tulikuwa watu watatu na mashine moja ya msasa. Siku ya Jumanne nikaingia chini ya bawa la kushoto, nikafungua mlango wa gurudumu. Ndani ya mlango ule, mahali ambapo jua halifiki wala mvua, nikakuta maandishi ya penseli ya nta. Mtu alikuwa ameandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: IMEKAZWA, USIGUSE TENA. Chini yake tarehe, na herufi mbili za jina. Kando yake kulikuwa na vistari vimefungwa vitano vitano, kama tunavyohesabu magunia ghalani.

Nikasoma, nikatabasamu, nikapitisha msasa. Haikufika dakika nne.

Ijumaa ndege iling'aa. Nilipewa mkono na wakubwa, nikapigwa picha. Usiku, nimelala, ndipo nikaanza kujiuliza vile vistari vilikuwa vinahesabu nini. Safari? Matairi yaliyobadilishwa? Siku zilizobaki fundi yule aende likizo? Mwenye herufi zile mbili huenda alikuwa hai wakati ule, huenda alikaa mtaa wa pili tu. Tungeweza kumtafuta. Lakini tungemtafuta kwa kutumia nini, na mimi nimeshageuza maandishi yake kuwa vumbi?

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusoma habari za ndege zilizohifadhiwa na rangi zao. Nimekuja kuwaambia niliyoyaona, kwa sababu ninyi ndio mtakaoshika funguo za makumbusho, na siku moja atakuja mkubwa mwenye nia njema kabisa, ana bajeti na makopo ya rangi mpya, atawaambia: hii imechakaa, inatia aibu, ipakeni.

Nianze na ndege ninayoipenda kuliko zote. Inaitwa Flak-Bait. Ni Martin B-26 Marauder, ndege ya mabomu yenye injini mbili, iliyoundwa Baltimore, Marekani, mwaka 1943. Rubani wake James Farrell alilitoa jina hilo nyumbani kwao: ndugu yake alikuwa akimwita mbwa wa familia Flea Bait, yaani chambo cha viroboto. Farrell akaligeuza kidogo likawa chambo cha mizinga ya kutungulia ndege. Na kweli ilikuwa chambo. Katika Vita vya Pili vya Dunia iliruka Ulaya zaidi ya mara 200, ikarudi na matundu zaidi ya 1,000. Matundu hayo yalizibwa kwa viraka, ikaondoka tena kesho yake.

Leo ndege hiyo ni mali ya Makumbusho ya Taifa ya Anga ya Smithsonian, huko Marekani. Tangu mwaka 1976 watu walikuwa wakiiona pua yake tu mjini Washington, na mwaka 2014 pua ile ilipelekwa kwenye karakana ya kituo cha Udvar-Hazy huko Virginia ili ikutane tena na sehemu nyingine za mwili wake. Wale mafundi ni mabingwa. Wameshazifanya ndege nyingine kuwa mpya kabisa. Wangetaka, Flak-Bait ingetoka pale inang'aa kama bakuli la fedha. Wakaamua hapana. Rangi ile ya mwaka 1943 hadi 1945 ibaki. Palipobanduka pabanduke pale pale. Kazi ikawa ni kusafisha na kushikiza kile kinachotaka kudondoka.

Ukitazama pua yake utaona kwa nini. Zimepangwa safu za mabomu madogo mekundu, kila bomu ni safari moja. Katikati ya mabomu wamo bata. Ndiyo, bata. Kuna siku ndege hizi zilitumwa kumvuta adui upande usio sahihi, kama mwindaji anayeweka bata wa mti majini ili bata wa kweli washuke, basi siku hizo walichora bata. Sasa fikirini mikono. Kila bomu lilipakwa baada ya safari kwisha, na mtu aliyejua kwamba safari hii wamerudi. Hakuna mabomu mawili yanayofanana sawasawa, na siku moja mkono ulikuwa umechoka kuliko siku nyingine. Ukiyakwangua yote ukayachapa upya kwa karatasi iliyokatwa, utapata mabomu mazuri zaidi, yote sawa. Hesabu itabaki ile ile. Atakayepotea ni yule mtu aliyekuwa akihesabu.

Nina mfano mwingine hapo hapo, na huu ni wa kifundi, wenzangu wa karakana wataniunga mkono. Mwanzoni mwa Juni 1944, majeshi ya Washirika, yaani Marekani, Uingereza na wenzao, yakijiandaa kuvuka bahari kwenda Normandy, pwani ya Ufaransa, ilitoka amri kwamba ndege zipakwe mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kwenye mabawa na kwenye kiwiliwili, ili askari wa ardhini na wa majini wasitungue ndege za kwao wenyewe. Ilikuwa siri, kwa hiyo ilipakwa saa za mwisho kabisa kabla ya tarehe 6. Ndege ni maelfu, muda hakuna. Mafundi na askari wa kawaida walishika brashi wakapaka. Tazameni picha za siku zile: mistari imepinda, kingo zina mawimbi, mahali pengine michirizi imeshuka. Haraka yote ya usiku ule imo kwenye kingo zile.

Sasa nendeni mkaitazame ndege iliyopakwa upya kwa ajili ya maonyesho. Mistari imenyooka kama rula. Imewekewa tepu, ikapulizwa, tepu ikabanduliwa kwa ustadi. Mimi mwenyewe ningeipaka hivyo, ndivyo nilivyofundishwa, na mwalimu wangu angenichapa kofi kama ningetoa mstari uliopinda. Lakini mgeni akiitazama anapata habari isiyo ya kweli. Anadhani walikuwa na nafasi. Flak-Bait iliruka siku ile ya Normandy, na mabaki ya mistari yake bado yapo mwilini. Yamefifia, mtu asiyeambiwa hayaoni. Ni mabaki ya rangi iliyopakwa kwa hofu, na hakuna kopo dukani lenye rangi hiyo.

Kisha kuna habari ya Misri. Hii inaniuma.

Tarehe 28 Juni 1942, rubani wa jeshi la anga la Uingereza, Dennis Copping, umri wake miaka 24, aliondoka na ndege ya kivita aina ya Kittyhawk, namba ET574, kuipeleka kwenye matengenezo. Alipotea njia, akaishusha jangwani, mbali na kila kitu. Ikakaa pale miaka 70. Mwaka 2012 mfanyakazi wa kampuni ya mafuta kutoka Poland akaikuta mchangani, imekaa kama vile mwenyewe katoka kidogo atarudi. Parachuti lilikuwa kando, inaonekana alilitumia kujikinga na jua. Redio ilikuwa imetolewa nje na betri yake, maana alijaribu kuita. Copping hana kaburi linalojulikana.

Bati la ndege ile upepo ulikuwa umelipiga msasa kwa miaka 70. Mahali pengine rangi ilikwisha kabisa bati likabaki jeupe, pengine ilibaki imepauka. Ukiitazama tu unaelewa, bila mtu kukusimulia, kijana yule aliona nini aliponyanyua kichwa. Jua. Mchanga. Jua.

Makumbusho ya jeshi la anga ya Uingereza ilitaka kuipata kiasi cha kutoa ndege moja ya kivita aina ya Spitfire kama malipo ya kuitoa jangwani. Mambo hayakwenda hivyo, ndege ikabaki Misri, na mimi sioni ubaya ibaki Misri, ilikofia. Ubaya ulikuja baadaye. Ilipoonekana tena kwenye makumbusho ya vita ya El Alamein mwaka 2017, ilikuwa imezibwa, imenyooshwa, imepakwa rangi mpya kuanzia pua hadi mkia, na mdomoni imechorwa meno ya papa. Meno ya papa yalikuwa alama ya kikosi namba 112. Copping alikuwa wa kikosi namba 260, na ndege yake haikuwa na meno yoyote.

Sitaki mnielewe kwamba nawadharau mafundi waliofanya kazi ile. Nawajua, maana nimekuwa wao. Walipewa chuma kilichochoka wakakipenda, wakakipa walichokuwa nacho. Meno ya papa yanapendwa na watoto, yanapendeza kwenye picha. Lakini ndege ile ilikuwa barua pekee aliyoiacha kijana aliyepotelea jangwani, na barua ile imefutwa, ikaandikwa juu yake kitu cha kuchekesha. Haiwezi kurudi. Hata ukikwangua rangi mpya leo, ule mpauko wa miaka 70 uliondoka na msasa.

Sasa niseme upande wa pili, maana nisipousema nitakuwa sijatenda haki.

Rafiki yangu mmoja, rubani mstaafu, huwa ananikatalia kabisa. Anasema ndege yake hakuiacha imepauka, aliiacha ikiwa imeoshwa, imepakwa, namba zinasomeka kutoka upande wa pili wa uwanja. Anauliza kwa nini tuionyeshe kwa wajukuu zake kama maiti. Hoja yake ina uzito, na kila mara naondoka kwake sina jibu kamili. Ninachomwambia ni kwamba ndege za kivita zikiwa kazini hupakwa na kupakwa tena. Tundu likizibwa, kiraka hupakwa rangi iliyopo kwenye kopo siku hiyo. Ikihamishwa kikosi, hubadilishiwa alama. Kwa hiyo anayesema "rangi ya asili" lazima aulizwe: ya siku gani? Ya kiwandani, ya vitani, au ya siku ya kustaafu? Jibu langu ni hizo zote, kadiri zilivyobaki. Ukianza kuchagua siku moja uipendayo, lazima uziue siku nyingine ili ile ionekane.

Na zipo ndege ambazo kupakwa upya ni haki yake. Memphis Belle, ile ndege ya mabomu ya Marekani aina ya B-17 iliyomaliza safari 25 za vita mwaka 1943, ilikaa nje mjini Memphis kwa miongo, mvua yake, jua lake, na watu wakichomoa vipuri kama ukumbusho. Ikapakwa rangi juu ya rangi. Ilipofika kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio, mwaka 2005, ya vitani haikuwa imebaki ya kutosha kuionyesha. Waliitengeneza miaka mingi, wakaizindua tarehe 17 Mei 2018 ikiwa na rangi mpya. Siwalaumu. Lakini sikilizeni walichokikuta walipoondoa tabaka za juu: majina. Mwaka 1943 ndege ile ilizungushwa miji mbalimbali ya Marekani kuhamasisha watu wanunue hati za dhamana za vita, yaani waikopeshe serikali fedha za vita, na wananchi walikwaruza majina yao mwilini mwake. Wale mafundi walikuwa wanatoa rangi huku wanatazama. Mimi nilitoa rangi huku natazama saa.

Kwa hiyo kama mtaniuliza kanuni yangu, ni hii tu: ndege ambayo bado imevaa rangi ya kazini mwake, usiiguse kwa msasa hata ukilipwa. Iliyokwisha kuvuliwa na kupakwa mara kumi, kaa chini, tafakari, ikibidi paka, lakini kwanza tazama.

Kutazama kuna kazi zake, nizipitie haraka. Piga picha kila kipande kabla ya kugusa, pamoja na ndani ya milango ya magurudumu, ndani ya vifuniko, chini ya viti. Huko ndiko mafundi huandika. Chukua kipimo cha rangi kwa kifaa, usiamini jicho, maana rangi ya kijani hufifia na jua, na ukinunua kijani kinachofanana na kilichofifia utaipaka ndege rangi ambayo haikuwahi kuwa nayo. Safisha kwa brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, kisha pamba na maji yaliyoondolewa madini, eneo la ukubwa wa sarafu kwanza. Magamba yanayoinuka yashikize, usiyang'oe. Vumbi la praima ya kromati ni sumu, linaleta saratani, vaeni barakoa ya kweli na si kitambaa, sisi wengine tulilivuta kabla hatujaambiwa.

Ikibidi kabisa kupaka juu ya rangi ya zamani, weka kwanza ukuta kati yake, vanishi inayoweza kuyeyushwa baadaye. Wahifadhi wengi hutumia akriliki ya Paraloid B-72, ambayo huyeyuka kwa asetoni. Na hapa vijana wengi huteleza, kwa hiyo nasema taratibu: rangi nyingi za zamani za selulosi nazo huyeyuka kwa asetoni hiyo hiyo. Utakuja kutoa vanishi, utoe na ulichokuwa unakilinda. Jaribu mahali pasipoonekana kwanza, subiri, tazama pamba imetoka na rangi gani.

Na acheni dirisha. Hata ikibidi kuipaka ndege nzima, kipande cha futi moja kwa futi moja kibaki kama mlivyokikuta, mgeni akione.

Kuhusu kuweka ndege nje, mtanisamehe, nitasema kama mtu wa pwani. Upepo wa bahari yetu una chumvi. Chumvi inaingia kwenye ribiti, zile pini zinazounganisha mabati, inatambaa chini ya rangi kama minyoo, na rangi mpya juu yake inaificha tu. Nimeona watu wakipaka ndege kila baada ya miaka michache, kila mara wakikwangua kwanza, na kila ukikwangua unaondoka na bati kidogo, maana juu ya bati la ndege kuna ngozi nyembamba ya aluminiamu safi inayozuia kutu, na msasa hauiulizi ngozi hiyo kama iko tayari kuondoka. Fedha ya kupaka mara tatu, jengeni paa. Hata la mabati ya kawaida na nguzo. Paa kwanza.

Kuna mahali pamoja katika ukanda wetu ambapo hakuna anayehitaji kufundishwa haya. Kanombe, Kigali, kwenye iliyokuwa nyumba ya Rais, vipande vya ndege aina ya Falcon 50 iliyotunguliwa jioni ya tarehe 6 Aprili 1994 viliangukia kwenye uwanja wa nyumba hiyo. Walikufa Rais Habyarimana wa Rwanda, Rais Ntaryamira wa Burundi na wote waliokuwamo, na mauaji ya kimbari yakaanza. Haikuwa ndege ya kivita, lakini naitaja kwa sababu nyumba ile imekuwa makumbusho na mabaki yale yalibakishwa pale yalipoanguka. Sijawahi kumsikia mtu akisema vipakwe rangi. Kila mtu anaelewa, hata asiyejua neno uhifadhi, kwamba bati lile limeona jambo na halipaswi kufunikwa. Ninachowaomba ni kulitazama hivyo hivyo bati la kila ndege, hata ile isiyo na jina, ambayo haikutungua wala kutunguliwa, na ambayo shahidi wake pekee ni fundi mmoja aliyeandika kwa penseli ya nta ndani ya mlango wa gurudumu.

Kipande hiki nakiacha mezani pamoja na kioo cha kukuzia. Kishikeni pembeni, vidole vina mafuta. Elekezeni upande wenye mshazari kwenye mwanga wa dirishani, muanze kuhesabu kutoka kwenye bati kwenda juu. Kati ya kijani cha kwanza na cha pili kuna mstari mweusi mwembamba kama unywele. Nadhani ni uchafu, ndege haikuoshwa kabla ya kupakwa, mtu alikuwa na haraka. Mwenye macho makali kuliko yangu aje aniambie anaona nini.